Ndoo Namba Kumi na Saba

Nimestaafu Ijumaa. Leo ni Jumanne, na tayari nimepanga upya makopo yote ya jikoni kwangu kwa tarehe ya kuharibika. Binti yangu ameniambia nitafute la kufanya kabla sijaanza kuwagawia majirani chumvi kwa foleni. Basi nimeketi hapa Werugha milimani, ukungu umefunga mpaka mlangoni, na daftari liko mapajani. Ninyi mnaobaki stooni mliniomba mara nyingi niwasimulie mambo yalivyoanza, na kila mlipoomba nilikuwa nimebeba gunia. Sasa sina gunia. Vyeo na mshahara sitavitaja, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vifupi kama mimi mwenyewe.

Baadhi yenu mmeajiriwa juzi na mnadhani stoo ilizaliwa ikiwa na rafu. Tulianza na chumba kimoja nyuma ya kanisa pale Voi, chumba kilichokuwa cha kuwekea viti vya harusi. Kazi ilikuwa kuzisaidia kwa chakula familia za wanajeshi zilizokwama. Watu wengi hawakutuelewa. Mwanajeshi ana mshahara, walisema, ana viatu na kofia, atalalaje njaa? Lakini yuko mwanajeshi aliyerudi kutoka misheni ya kulinda amani na mguu mmoja usiofanya kazi, na faili lake la malipo linazunguka meza moja hadi nyingine. Yuko mjane aliyetakiwa atoke kwenye nyumba za kambi na bado hajui aende wapi. Yuko mama ambaye mumewe yuko mpakani, na kila kinachotumwa nyumbani kinapitia kwa mama mkwe, na mama mkwe ana maoni yake. Hao ndio waliokuwa wakija kwetu kila Alhamisi.

Mimi nilitoka kwenye stoo ya shule huku milimani, nilikokuwa nikihesabu kabichi na maziwa. Aliyenipokea Voi alikuwa Staff Mutua, mzee wa Kikamba aliyetunza stoo za chakula jeshini mpaka akastaafu. Cheo chake kilikuwa kimegandana na jina, hata mkewe alimwita Staff. Alikuwa na masharubu yaliyokatwa kama kwa rula na sauti ya kuita watu upande wa pili wa uwanja, na chumba chetu kilikuwa na upana wa hatua sita. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani masikio yakivuma.

Kitu cha kwanza alichonikabidhi ni bambo, kile chuma kilichochongoka chenye mfereji, ambacho ukikichoma kwenye gunia punje zinateremka kiganjani. Alinifundisha kuchoma pembeni, katikati na chini, kwa sababu mfanyabiashara mjanja huweka mahindi mazuri juu. Kisha aliniambia niitafune punje: ikilia, mahindi ni makavu, yapokelewe, na ikinyamaza yarudishwe. Nikatafuna. Ikalia sana, kwa kuwa kilicholia ni jino langu la nyuma likivunjika. Staff alichukua kitabu bila hata kunitazama akaandika, “Mahindi makavu sana.”

Siku hiyo hiyo walikuja kina mama kumi na mmoja, na bila kuambiwa na mtu wakajipanga kwa vyeo vya waume zao. Mke wa sajini alikuwa mbele, wake wa makoplo wakafuata, na nyuma kabisa akasimama mke wa askari wa kawaida akiwa na mtoto mgongoni, ingawa ndiye aliyefika wa kwanza. Staff aliitazama ile foleni toka mwanzo hadi mwisho. Halafu akawatangazia kwamba hapa ndani unga haumpigii mtu saluti, wajipange kwa urefu, wafupi mbele. Basi ikawa kupimana mgongo kwa mgongo. Wawili walibishana mpaka mmoja akalazimishwa kuvua kilemba, na chini ya kilemba ukatoka urefu mwingine wote wa nywele. Mama wa watu aliyefika wa kwanza alikuwa mfupi kuliko wote, akahudumiwa wa kwanza, na mimi nikajua nimefika kwangu. Maisha yangu yote nilikuwa nikiingoja serikali ya namna hiyo.

Tatizo letu halikuwa chakula. Mkulima mmoja wa Mahoo, huko kwa Wataveta, alituletea ndizi, huku milimani tulipata kabichi, na wafanyabiashara wa mjini walitoa unga na mafuta. Tatizo lilikuwa aibu. Tulikuwa tukigawa kwa mifuko iliyopigwa muhuri wa msaada, na mke wa mwanajeshi yuko radhi kula majani kuliko kuonekana na mfuko ule barabarani. Walikuja wamejifunika leso mpaka machoni. Mmoja alikutana na rafiki ya mumewe hatua chache kutoka mlangoni, akautupa mfuko nyuma ya ua na kumsalimia kwa mikono miwili, mitupu. Kuku wa mchungaji walinenepa mwezi ule.

Wazo la ndoo lilikuwa langu. Ninalitaja kwa sababu makosa yaliyofuata pia yalikuwa yangu. Mnajua Voi yetu: mabomba hukauka, na mwanamke mwenye ndoo yenye kifuniko ni jambo la kila saa. Hakuna anayemuuliza amebeba nini. Tuliomba mahotelini ndoo kuukuu za mafuta ya kupikia, nyeupe, zenye vifuniko, tukapata arobaini. Nilizisugua kwa jivu na sabuni wiki nzima, nikazipaka namba matakoni. Mgao wa familia uliingia ndani vizuri kabisa: unga, ndengu, maharagwe, mafuta, chumvi na majani ya chai. Funga kifuniko, jitwike, nenda.

Ilifaulu kuliko nilivyotarajia. Kina mama walitoka vichwa juu, wakisimama njiani kusalimiana kama watu wanaotoka bombani. Wiki ya pili watu wanne wasiotuhusu walifika kanisani na mitungi kuuliza maji hutoka saa ngapi. Staff aliwaambia yameisha.

Sasa, ndoo zilikuwa arobaini na haziongezeki, kwa hiyo nilisimama mbele ya foleni nikatangaza maneno niliyoyafanyia mazoezi. Nilisema, “Ndoo ni mali ya stoo. Irudishwe. Asiye na ndoo hapati mgao.” Staff alinipigia saluti, na nikajisikia kama jenerali.

Mimi, mtoto wa Werugha. Mimi ambaye mama yangu alinivusha matuta mawili kumrudishia jirani kifuniko cha sufuria, kifuniko tu, na juu yake akaweka mapera matatu ili kisiende peke yake. Kwetu mtu akikuletea maziwa kwenye mtungi, mtungi haurudi hivi hivi. Unarudi na maharagwe, au viazi, au angalau fungu la mboga. Wakamba wamelelewa hivyo, Wataveta wamelelewa hivyo, na sijawahi kumwona mtu wa bara aliyelelewa vingine. Nilisimama mbele ya wanawake wasio na kitu nikawaamuru warudishe vyombo, na wala halikunipita kichwani nimewaamuru nini.

Wiki iliyofuata ndoo zilirudi. Namba nne ilikuwa na ndizi. Namba tisa ilikuwa na mchicha mbichi wenye umande. Namba ishirini na mbili niliifungua akatoka kuku, hai, amekasirika, akapanda juu ya mizani na kutaga hapo hapo. Staff alichora safu mpya kitabuni, akaandika juu yake “Vilivyorudi”, na kila ndoo ilipofunguliwa alisoma kilichomo kwa ile sauti ya uwanjani. Tulicheka, tukapiga makofi. Nilimshika Staff mikono tukazunguka chumba kizima tukicheza, yeye akihesabu hatua. Kufika mwezi wa pili rafu ya vilivyorudi ilikuwa imejaa kuliko ile ya vinavyotoka. Niliiandikia kamati iliyotusimamia barua ya furaha tupu, ikasomwa kanisani, watu wakashangilia. Nilidhani nimegundua stoo inayojijaza yenyewe.

Kisha alikuja mwanamke mmoja wa sokoni, muuza nyanya, akaomba kumwona kuku. Nilimuuliza ni kuku gani. Akasema ni wake, alimwazima mama wa namba ishirini na mbili ili apate cha kuweka kwenye ndoo, na alitaka tu kujua kama anakula vizuri. Walikumbatiana pale, yeye na kuku. Mimi nikatoka nje kwenye foleni kuwauliza wengine mmoja mmoja, kwa upole, na mmoja mmoja wakaniambia. Unga niliowapa walikuwa wakiubadilisha kwa ndizi ili ndoo isirudi kwangu tupu. Nilikuwa nikitoa unga kwa mlango wa mbele na kuupokea tena kwa mlango huo huo, ukiwa umegeuka ndizi.

Nilifanya ambalo mtu mwenye haraka hufanya: nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo ndoo zirudi bila kitu chochote ndani. Wiki iliyofuata haikurudi ndoo hata moja, isipokuwa ya mama mmoja jasiri aliyenikabidhi ndoo tupu akiwa na kabichi kichwani, akanieleza kwa heshima kwamba kabichi haimo ndani ya ndoo. Wengine walinitumia ujumbe kupitia kwake. Walitaka kujua wamenikosea nini hata niwafanye waje mbele ya watu kama waliolelewa shimoni.

Ndipo nilipofungua kitabu kutafuta ndoo zilipo, na kidole changu kikasimama kwenye namba kumi na saba. Ilikuwa haijarudi kwa wiki saba, tangu siku nyingi kabla ya hilo tangazo langu la pili. Alikuwa nayo Mama Mghoi wa mlima wa Sagalla, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe, Sajini, alirejeshwa kutoka misheni na mguu uliokufa. Walikuwa wamehamia kwa wazazi wa mume kungoja faili lipite. Sagalla mvua ilikuwa imekataa, mimi nilijua hilo, kila mtu Voi alijua. Na kanuni yangu ilisema asiye na ndoo hapati mgao. Wiki saba nilikuwa nikicheza dansi na Staff huku kuna watoto wanne kule juu ambao nimewafungia mlango kwa maneno yangu mwenyewe. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa nitakachokikuta.

Tulikodi bodaboda mbili kesho yake asubuhi, kila mmoja na ndoo iliyojaa. Staff alikaa wima na ndoo magotini kana kwamba anakagua gwaride, na mlima ulipokuwa mkali alishuka akaiamuru pikipiki ipande, nayo ikapanda. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Mama Mghoi alituona tangu mbali, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kiti, na akakifuta mara mbili ingawa kilikuwa safi. Sajini alikuwa ameketi kando ya ukuta, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, amevaa shati lililopigwa pasi. Watoto walisimama pamoja. Walizitazama ndoo zetu, kisha wakageuza macho kwa pamoja, na nikaona kwamba wamefundishwa kugeuza macho. Mikono yao ilikuwa myembamba. Chini ya upenu, juu ya jiwe, ilikaa ndoo namba kumi na saba, imeoshwa mpaka inang'aa, imefunikwa kitambaa cha mezani.

“Mama Stoo, unisamehe, nimekaa na ndoo yenu,” alisema Mama Mghoi. “Nimezunguka nikitafuta kitu ya kuweka ndani. Kuku tulimaliza. Shamba iko hivyo unavyoona. Hata maji ya kuweka sina. Ningekujaje kwako na ndoo tupu?”

Nilimuuliza wamekula nini.

“Leo ama jana?” akauliza.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baadaye. Ili nisimtazame usoni niliinamia ile ndoo, nikaondoa kitambaa, nikaishika niinyanyue, na mkono ukagusa kitu nisichokitarajia. Ndoo ile nilikuwa nimeitoa stooni mshikio umekatika, nimeifunga kamba ya katani. Sasa ilikuwa na mshikio mpya. Ulikuwa wa waya mnene uliosokotwa mara mbili, umevishwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umeshonwa kwa mshono mdogo mdogo kama wa kola ya shati.

Sajini alikohoa. “Ile kamba ingemkata mama vidole, madam,” alisema. “Ni kazi ya dakika tu.”

Staff alinipokonya ile ndoo. Aliigeuza huku na huku, akavuta mshikio kwa nguvu zake zote, akatafuta kasoro, akakosa. Kisha akaiweka chini, akasimama wima, akatoa kitabu mfukoni, na akaandika huku akisoma kwa sauti iliyosikika mpaka bondeni: “Ndoo namba kumi na saba. Imerudi. Ndani: mshikio mpya, mmoja.”

Nilimnong'oneza kwamba mshikio uko nje.

“Mkawasi,” aliniita kwa jina langu bila kugeuka, “nani ameshika kalamu?”

Sajini ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kigoda kikateleza na mguu ukaanguka, na hilo likamchekesha zaidi. Mama Mghoi alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakamtikisika, akaketi chini. Mimi nilicheka na kulia kwa wakati mmoja na sikujificha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumficha. Watoto walitutazama kama watu waliorukwa na akili, kisha mkubwa wao akaingia jikoni kuwasha moto, maana kicheko chetu kilikuwa kirefu na yeye alikuwa ameona unga. Uji ulikuwa tayari kabla hatujamaliza kupangusa macho. Tulikunywa wote, na Staff, ambaye huko stooni hakuwahi kuonja hata chumvi ya watu, alikunywa vikombe viwili kwa sababu Mama Mghoi alimtazama.

Tukiteremka nilikuwa nimeshaijua kanuni mpya. Nilimpigia Staff kelele kutoka bodaboda yangu, naye akaniitikia kutoka yake, na madereva wakaijua kabla ya kamati. Alhamisi nilisimama mbele ya foleni nikawaomba radhi kwanza, jambo ambalo jenerali hafanyi. Halafu nikatangaza kwamba ndoo zirudi na kitu ndani, lakini kiwe kitu kisicholiwa.

Mmoja katikati ya foleni akauliza kama mama mkwe anahesabika.

Hapo ndipo ilipoanza miaka yangu mitamu. Zilirudi ndoo zenye vifungo vya shati, maua ya porini, mchoro wa Staff uliochorwa na mtoto, masharubu yakiwa marefu kuliko miguu. Ilirudi ndoo yenye barua ya mume aliyekuwa mpakani, tukasomewa kwa sauti, mwenyewe akiruka sehemu fulani fulani huku foleni nzima ikimsihi asiruke. Mama mmoja wa Voi aliinama akaimba wimbo wa harusi ndani ya ndoo, akafunga kifuniko upesi, na kunikataza kuufungua mpaka nifike nyumbani. Niliibeba ile ndoo mpaka kwangu. Nilifungua jikoni, peke yangu, na nitawaambia ukweli, niliinama kusikiliza.

Ilirudi ndoo yenye paka mdogo mweusi. Tulimpa jina la Koplo, na panya wetu wakaomba uhamisho. Ilirudi pia, msinicheke, ndoo yenye kobe, kutoka kwa mama anayeishi karibu na uzio wa mbuga. Staff alipoona alifunga kifuniko na kukikalia. Alisema wanyamapori ni wa serikali, na kwamba sisi tunalisha familia za watumishi wake, hatuchukui mifugo yake. Ikabidi tumrudishe porini saa hiyo hiyo kwa bodaboda, kifuniko nusu wazi apate hewa, Staff akimwomba msamaha njia nzima. Tuliporudi tukagundua upungufu wa kabichi moja. Kobe haliwi, ni kweli, lakini yeye anakula.

Na mishikio. Tulikuwa na ndoo kumi na tatu za kufungwa kamba. Sajini alizitengeneza zote, kisha akatengeneza viti vya harusi vya kanisa, na kisha lango la mchungaji. Faili lake lilipopita hatimaye, walihamia mjini, naye akafungua kibanda cha kutengeneza ndoo na mitungi, ambacho mnakijua. Mama Mghoi alianza kuja kila Alhamisi kutusaidia kufunga vifuniko. Sikumwomba. Nilimkuta tu amesimama pale, amevaa aproni yangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha yale ambayo Staff hakuyajua, nami nawaachia hapa. Msimuulize mama kama amekula, kwa kuwa atasema amekula. Muulizeni jana alipika nini, na msikilize anachelewa kiasi gani kujibu. Anayetania sana kwenye foleni mtazameni mara mbili. Na jioni mkifunga kitabu, msisome waliokuja. Someni ambao hawakuja, na asubuhi mpande mlima. Mahindi muendelee kuyatafuna, ila kwa jino la mbele. Staff sasa yuko kwao Makindu na hunipigia simu kila mavuno, nimtafunie punje karibu na simu asikie mwenyewe.

Ijumaa mliniaga vizuri mno. Nilikuwa nimejiandaa kutolia na niliweza, mpaka Mama Mghoi, ambaye sasa ndiye mwenye funguo, alipokuja mbele na ndoo namba kumi na saba. Namba nimeipaka upya mara tatu, lakini mshikio ni ule ule. Ilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na mgao kamili wa familia, umepangwa kwa kanuni, mafuta yamesimama pembeni na chumvi juu ya unga. Aliniwekea mikononi, akarudi hatua moja nyuma, na akasema bila kutabasamu hata kidogo:

“Mama Stoo, ndoo ni mali ya stoo. Irudishwe.”

Mlicheka mpaka Koplo akakimbia. Nami nilicheka. Lakini tangu Ijumaa nimekuwa nikizunguka nyumba hii. Ndoo iko mezani, nimeiosha, nimeikausha, na kila nikipita inaniangalia. Nina mayai, yanaliwa. Nina viazi, vinaliwa. Nimefungua kabati, nimefungua sanduku la marehemu mama yangu, nimetoka nje kwenye ukungu nikarudi mikono mitupu. Juzi jioni niliketi kitandani nikaelewa, baada ya miaka kumi na minane, jinsi alivyozunguka yeye kule Sagalla kwa wiki saba. Na mimi nimeshiba. Yeye alizunguka na njaa, na bado hakuniletea ndoo tupu.

Basi nikachukua kalamu. Daftari haliliwi. Nikimaliza mstari huu nitaliweka ndani na kufunga kifuniko, na Alhamisi nitashuka nalo Voi kama mwanamke yeyote aliyetoka kutafuta maji. Mtanikuta kwenye foleni na wenzangu. Msinipitishe kwa sababu nilikuwa mkubwa wenu. Nipitisheni kwa sababu mimi ni mfupi.